Hapana, Mimi Si Msabato

Wiki tatu zilizopita niliweka video ya sekunde 47. Mathe amefunga leso kichwani, anawasha mishumaa miwili juu ya meza yetu hapa Langas, anazungusha mikono juu ya moto, halafu anafunika macho. Sikuweka muziki wala maelezo. Nilidhani itaonwa na watu wa kawaida, yaani nyinyi mnaonijua, pamoja na senge wangu wa Webuye ambaye huweka moyo kwa kila kitu.

Ikaenda mbali kiasi. Na komenti iliyokaa juu kabisa ilisema: "Kumbe nyinyi ni Wasabato! Karibuni kwa familia."

Nikajibu, "Amina, asante sana." Nikakaa na simu mkononi nikijisikia mjinga. Baada ya dakika kumi hivi nikafuta.

Leo naandika jibu ambalo ningefaa kuandika siku hiyo. Ni refu, samahani, chukua chai.

Sisi si Wasabato. Sina ubaya nao, tena wamenificha miaka mingi bila kujua, nitafika hapo. Mathe ni Myahudi. Mimi pia ni Myahudi, kwa sababu kwetu dini inafuata mama. Na hapo najua umeshaanza kucheka: Myahudi gani huyu wa Langas, mwenye jina la Kibukusu na rangi kama yangu?

Mathe alizaliwa Nabugoye, kilima kilicho karibu na mji wa Mbale, Uganda. Kutoka hapa unapanda matatu hadi Malaba, unavuka mpaka, unapita Tororo, umefika. Huu Mlima Elgon tunaouona sisi tukienda Kitale, wao wanauona kutoka upande wa pili. Watu wake wanaitwa Abayudaya.

Usitafute hapa hadithi ya kabila lililopotea jangwani. Kulikuwa na jemadari Muganda anaitwa Semei Kakungulu. Aliwasaidia Waingereza kuteka mashariki ya Uganda, halafu akaona hawakumpa alichotarajia. Akajitenga nao, akazama kwenye Biblia mwenyewe. Mwaka 1919 akajitahiri, yeye na wanawe, kwa sababu vitabu vya Musa vinasema hivyo. Wenzake wakamwambia hayo ni mambo ya Wayahudi. Yeye akaona basi, kama ni ya Wayahudi, yeye ni Myahudi. Alikufa 1928. Watu wake wakaendelea.

Halafu akaja Idi Amin, akapiga marufuku dini yao. Waliomba kwa kujificha. Wengi wakawa Wakristo au Waislamu ili maisha yaendelee, na jumuiya iliyokuwa na watu kama 3,000 ikabaki na kama 300. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, na jioni ya siku hiyo ndiyo Pasaka ya Kiyahudi ilikuwa inaanza. Jajja yangu akifika hapo kwenye hadithi lazima anyamaze kidogo kwanza.

Mwaka 2002 marabi kutoka Marekani na Israel walifika Mbale, wakawapitisha mamia ya Abayudaya kwenye ibada rasmi ya kuingia dini. Mathe alikuwa mmoja wao. Wazee wengine walikasirika, wakauliza tunaingia vipi mahali ambapo tumekaa tangu 1919. Mathe anasema yeye aliingia majini akijua ni karatasi tu anatafutiwa, moyo ulikuwa ndani kitambo. Mwaka huohuo akaolewa na buda, Mbukusu wa Kimilili, taniboi wa lori lililokuwa likipita Malaba kila wiki. Nikazaliwa Novemba 2003. Siku ya saba nikabebwa usiku kwa basi hadi Mbale, siku ya nane nikatahiriwa. Kumbuka hiyo siku ya nane, tutairudia.

Sasa Ijumaa yetu. Mathe anafunga kibanda chake cha mboga saa tisa. Anakanda unga wa ngano, anausuka kama nywele za msichana, anauoka ndani ya sufuria, makaa chini na makaa mengine juu ya kifuniko. Jua la Eldoret likianza kushuka, saa kumi na mbili na kitu, anazima taa ya sebule na kuwasha mishumaa ya kawaida ya duka. Jirani mpya huwa anagonga kuuliza, "Kwani stima imepotea kwenu pekee?" Anaimba kwa Kiebrania, lakini tuni ni ya Uganda kabisa, ukisikia kutoka nje unadhani ni kwaya. Buda ni wa Friends, Mkweka wa kuzaliwa. Anakaa nasi mezani, anakula mkate, na anasema amina mahali si pake. Hiyo ndiyo dini yote ya nyumba yetu, watu wanne na mishumaa miwili.

Hakuna sinagogi Eldoret. Nairobi lipo, na jumuiya yake ni ya tangu 1904, lakini ni zaidi ya kilomita 300 na nauli unaijua. Hakuna mchinjaji wa Kiyahudi pia, kwa hivyo nyama tulikuwa tunakula Mbale. Huku ni maharagwe, mayai na samaki mwenye magamba. Shida ni harusi za majirani zetu Wakalenjin, mahali ambapo nyama choma na mursik vinaletwa pamoja, na sisi hatuchanganyi nyama na maziwa. Nilijifunza nikiwa mdogo kuchukua kikombe cha mursik mapema sana na kukishika wakati wote. Mtu akikuona una kitu mkononi haulizi mbona huli.

Hiyo ilikuwa mbinu yangu kwa kila kitu: shika kikombe, usiulizwe.

Shule ya upili nilijiandikisha kwa orodha ya Wasabato. Ilikuwa rahisi. Walikuwa na ruhusa ya kutofua wala kufyeka Jumamosi, na walikuwa watu wazuri. Miaka minne niliimba nyimbo zao kwa sauti ya pili. Mara moja waliniomba nifunge kwa maombi "katika jina la Yesu", nikajifanya nimekohoa. Hakuna aliyenilazimisha kudanganya. Nilidanganya kwa sababu "Msabato" ni neno moja na watu wanatulia, lakini "Myahudi" ni mwanzo wa maswali hadi usiku.

Chuo je? Kuna watu wanapenda kusema niliacha chuo kwa sababu ya imani, na kusema ukweli niliwaacha waamini hivyo, ilinifanya nionekane shujaa. Hebu nisafishe. Ni kweli mtihani mmoja wa mwaka wa pili uliwekwa Jumamosi. Ni kweli niliomba uhamishwe, nikaambiwa nilete barua ya mchungaji. Ningemtoa wapi mchungaji? Ningeweza kumwomba rafiki Msabato aniletee barua ya kwao, na siku hiyo kwa mara ya kwanza nilichoka. Sikuenda kwa mtihani. Lakini hata ningeenda, muhula uliofuata karo haikuwepo. Lori la buda liliuzwa na tajiri wake, kibanda cha mathe ndicho kilikuwa kinalisha nyumba. Niliacha chuo kwa sababu ya pesa. Sabato ilifanya tu niache wiki moja mapema.

Turudi kwa ile video, kwa sababu kulikuwa na komenti nyingine, na hiyo haikuwa ya mzaha. Mtu aliandika: "Hawa ndio walitaka kupewa Eldoret yetu. Warudi kwao."

Kuna historia hapo, na wengi wetu hatukufundishwa. Mwaka 1903 Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, aliwatolea Wayahudi wa Ulaya ardhi ya kukaa. Wakati huo walikuwa wanauawa Urusi na walikuwa wanatafuta pa kukimbilia. Ardhi yenyewe ilikuwa hii, uwanda wa Uasin Gishu. Watu huita Mpango wa Uganda kwa sababu sehemu hii ilikuwa chini ya Uganda hadi 1902. Theodor Herzl alipeleka jambo hilo kwenye mkutano mkuu wa Wazayuni huko Basel, Agosti 1903. Kura 295 zikasema watumwe watu wakaangalie, 178 zikakataa, na wajumbe wa Urusi wakatoka ukumbini wakilia. Walowezi weupe wa Kenya nao walipinga, hawakutaka Wayahudi karibu. Mapema 1905 watu watatu walizunguka uwanda huu wakipima maji na majani, wakarudi na ripoti. Mwaka huohuo mkutano ukakataa. Mwaka 1908 Makaburu wakaja na magari ya ng'ombe, na shamba namba 64 likawa mji. Ndiyo maana mababu wa hapa waliuita Sisibo.

Ukisoma yote hayo, tafuta mahali ambapo Mnandi au Mmaasai aliulizwa. Hakuna. Chamberlain alitoa kitu ambacho hakikuwa chake, na Oktoba 1905, miezi michache tu baada ya Wazayuni kukataa, Waingereza walimuua Koitalel arap Samoei. Kwa hivyo mtu akikasirika kuhusu 1903, mimi namwelewa. Ningekuwa Mnandi ningekasirika pia.

Lakini Kakungulu mwaka 1903 alikuwa bado anawahudumia Waingereza, hajawaza Uyahudi. Mathe hakuja Eldoret na barua ya Chamberlain. Alikuja kwa kiti cha taniboi, na sanduku moja. Tunakodisha nyumba ya vyumba viwili. Shamba letu lote liko kwa ndoo mbili za sukuma wiki hapo mlangoni.

Na hilo neno "warudi kwao" si la kuchezea katika huu mji. Leo Eldoret ni jiji, tulipewa hati Agosti 2024, tukashangilia barabarani. Lakini kila mtu wa rika langu kwenda juu anajua Januari 2008. Anajua kanisa la Kiambaa lililochomwa watu wakiwa ndani. Anajua waliolala Showground na kwenye uwanja wa kanisa la Sacred Heart. Mimi nilikuwa na miaka minne, nakumbuka kitu kimoja tu: wanaume walisimama mlangoni wakauliza, "Mama huyu ni mtu wa wapi?" Buda akajibu kwa Kibukusu, haraka haraka. Mathe alikuwa ameambiwa asifungue mdomo, maana lafudhi ya Uganda ingeleta swali la pili. Hakuongea na mtu nje ya nyumba karibu wiki nzima. Kwa hivyo ukiniuliza mbona nilipenda kujiita Msabato, jibu lilianzia hapo mlangoni. Nilijifunza mapema kwamba jibu fupi ndilo salama.

Kuna wale wa upande mwingine pia, wanaotupenda kupita kiasi. Mji wetu una Zion Mall. Matatu zina bendera ya Israel, makanisa yanapuliza pembe za kondoo. Mhubiri mmoja alimwomba mathe asimame mbele ya watu kama "mwana wa Ibrahimu" abariki sadaka. Mathe akamwambia yeye anauza mboga. Wanapenda Myahudi wa kwenye Biblia. Huyu wa Langas asiyekula nyama kwao anawachanganya.

Na wapo wanaouliza kuhusu Gaza. Tangu Oktoba 2023, nikigusa tu jambo la dini yetu, swali linakuja. Sioni ubaya wa swali. Watu waliuawa Israel, na wengi zaidi sana wameuawa Gaza, watoto wengi, na mathe huwaombea wote kwa mishumaa ileile. Lakini msinifanye balozi. Mwaka 2018 wizara ya mambo ya ndani ya Israel ilikataa ombi la mmoja wa Abayudaya la kuhamia huko. Kwa wengine sisi ni Wayahudi mno, kwa wengine hatujatosha kuwa Wayahudi. Bado Ijumaa mkate unasukwa.

Sasa siku ya nane.

Wanaojua Babukusu wanajua Agosti ya mwaka usiogawanyika vibaya, yaani 2012, 2014, 2016. Mvulana anapaka matope, anacheza chinyimba, ukoo mzima unaimba sioyaye nyuma yake, na asubuhi anasimama bila kupepesa macho. Agosti 2016 tulienda Kimilili kwa binamu yangu, rika langu. Nilikuwa nakaribia miaka 13. Nilibeba maji, nikaimba hadi sauti ikaisha. Usiku wazee wakigawa nyama ya wavulana walionikaribia umri, mmoja akasema, "Huyu alifanyiwa akiwa mtoto, hajui kitu." Walicheka. Hawakuwa wabaya, ni mzaha. Lakini binamu aliporudi Desemba nilimwona ananiangalia kama mtoto, na hajaacha hadi leo. Kwa upande wa mathe nilikuwa ndani ya agano tangu siku ya nane. Kwa upande wa buda nilikuwa nimeruka mlango, na mlango huo haufunguliwi mara mbili.

Nina mdogo wangu. Ameniruhusu niandike hili, nimemsomea kwanza. Yeye alizaliwa mwisho wa Februari 2013, na siku yake ya nane ikaangukia ile wiki ya kuhesabu kura. Mji mzima ulikuwa unakumbuka 2008. Buda akasema hakuna mtu anasafiri na mtoto mchanga hadi Mbale wiki hii. Mathe akalia, akakubali. Wakasema mwezi ujao. Unajua mwezi ujao ulivyo.

Mwaka huu ametimiza 13, umri ambao mvulana wa Kiyahudi anasoma Torati mbele ya watu. Na ni 2026, mwaka wa Kimilili. Familia mbili zimempigia simu. Baba mkubwa anasema kijana wetu atasimama na wenzake, hatutaki makosa ya yule wa kwanza. Yule wa kwanza ni mimi. Jajja anasema mtoto aletwe Nabugoye, amengojewa miaka 13. Mathe na buda, ambao sijawahi kuona wakigombania dini, walikaa wiki mbili wakiongea kupitia kwetu. "Mwambie babako chakula kiko tayari."

Usiku mmoja mdogo wangu akaniuliza, taa zikiwa zimezimwa: "Wewe ungechagua nini?"

Nilitaka kumwambia Mbale. Halafu nilitaka kumwambia Kimilili, ili asiangaliwe vile naangaliwa. Nikagundua nataka kumtumia yeye kurekebisha mambo yangu. Nikamwambia tu ukweli: mimi sikuchagua, na sijawahi kujua ningechagua nini, lakini kilichoniumiza zaidi ya vyote ni miaka ya kushika kikombe.

Ijumaa iliyofuata, baada ya mkate, akaongea mwenyewe. Sauti ilikuwa inatetemeka. Alisema Julai anaenda Mbale kusoma Torati, ameshajifunza mistari yake kwa simu yangu. Agosti anaenda Kimilili na rika lake. Na isiwe Jumamosi.

Kimya. Buda akaangalia mkate. Mathe akauliza, "Na agano?" Mdogo wangu alikuwa ameshampigia jajja kabla yetu sote. Jajja alikasirika, akakata simu, halafu akapiga tena. Akamwambia sheria yetu inajua hali kama hiyo: mwanamume aliyetahiriwa bila ibada hutolewa tone moja la damu, baraka zikasomwa. Akamwambia, ukitoka kwa hao watu, njoo.

Sijui kama mathe ameridhika. Hajasema. Lakini Jumapili nilimsikia akimpigia baba mkubwa, kwa Kibukusu chake cha lafudhi ya Uganda, akitaka kujua tarehe kamili. Alisema kama ni Jumamosi mtoto haji, na kama si Jumamosi yeye mwenyewe atakuja kupika, ila sufuria zitakuwa zake.

Kwa hivyo, wewe uliyeandika ile komenti ya kwanza, asante kwa ukaribisho, na niliimba nanyi miaka minne nikifurahia. Sisi si Wasabato. Wewe wa "warudi kwao", Ijumaa saa kumi na mbili tuko Langas, mishumaa ikionekana dirishani ujue stima haijapotea. Mkate unatosha.